Mrejesho: mapambo ya sikukuu kwa mfuko mdogo

Wakuu, nimerudi. Niliuliza nitapambaje nyumba kwa sikukuu wakati mfuko umetoboka. Ushauri wa kutotawanya mapambo nyumba nzima ndio ulionifaa: nguvu zote sebuleni, vyumba vingine vimefagiliwa tu, basi. Pesa imeishia kwenye uzi mmoja wa taa za LED. Nimeuzungusha kwenye kioo cha ukutani, na mwanga unavyojirudia utadhani nyuzi ni mbili. Hazichemki kama balbu za zamani, ila minyororo ya karatasi waliyogundisha watoto nimeitundika mbali nazo. Maputo nimeyaacha, yananywea kabla wageni hawajafika. Na wewe uliyependekeza matawi makavu kwenye chupa, mama watoto kayakataa katakata. Yako nje mlangoni.