Mrejesho: Wageni wanaokuja kanisani mara moja tu (Moshi)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mwezi wa kwanza niliuliza hapa tufanyeje, maana wageni wanasimamishwa, wanapigiwa makofi, halafu hatuwaoni tena. Asanteni sana mlionijibu.

Tulifuata ushauri wa kuacha kuwasimamisha. Siku hizi wanabaki kunywa chai baada ya ibada, na mama mmoja anaandika majina na namba zao kwenye daftari huku wakipiga stori. Jumatatu jioni anawapigia yeye mwenyewe, si ujumbe wa kutumwa kwa wote. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Dada mmoja wa Pasua alilia kwenye simu. Tangu ahamie Moshi hakuna aliyewahi kumuuliza ameamkaje. Sasa yuko kwaya.

Kuwatembelea nyumbani wiki hiyohiyo kulitushinda. Wawili walishtuka kuona wazee wa kanisa wanne mlangoni, hawakurudi, na jambo hilo linaniuma mpaka leo. Sasa tunaomba ruhusa kwanza, na tunakwenda wawili tu.

Aliyesema wageni wa Desemba tusiwahesabu alikuwa sahihi: wengi ni ndugu zetu waliopanda kutoka Dar kula Krismasi nyumbani. Hao tunawaombea safari njema.