Gumzo la ukoo: Jumapili ya mavuno Machame

Shangazi: Bwana Yesu asifiwe ukoo wote. Ndo tumetoka ibadani sasa hivi, jamani mavuno ya leo sijui niyaelezeje, madhabahu haionekani kwa mikungu ya ndizi, mahindi, maboga, kuku wamefungwa miguu wanapiga kelele mahubiri yanaendelea 🙏🏾

Kaka Dar: Asifiwe sana shangazi. Mnada je?

Shangazi: Weee! Kuna jogoo mwekundu kauzwa mara tatu. Wa kwanza kamnunua 30,000 akamrudisha auzwe tena, wa pili naye hivyo hivyo, wa tatu akaenda kumkabidhi yule bibi anayekaa peke yake kule chini karibu na mfereji, bibi kamkumbatia jogoo wake akaanza kucheza, kwaya ya akina mama nani angebaki amekaa, vigelegele, tukacheza wote pale nje kwenye nyasi mpaka mwinjilisti akasahau kutangaza mkungu unaofuata 😂

Mama mdogo: Mie sauti imekauka hapa nilipo

Dada Muscat: Amina. Hongereni. Sisi ibada yetu ilikuwa juzi Ijumaa pale Ruwi, si mnajua Ijumaa ndo siku ya mapumziko huku. Niwe mkweli tu, tangu mama atutoke naimba kwa mdomo, moyo haupo. Watu wakiinua mikono wanafurahi mi naangalia chini najiona kama imani imeniisha. Niombeeni

Mama mdogo: Pole mwanangu 😢 tunakuombea kila siku

Baba mkubwa: Mwanangu, soma Nehemia 8 yote, usiishie kile kipande wanachoandika kwenye fulana. "Furaha ya Bwana ni nguvu zenu" waliambiwa watu waliokuwa wanalia. Ezra alisoma torati mbele ya lango la maji tangu asubuhi mpaka adhuhuri, watu wote wakalia. Hakuna aliyewaambia imani yenu ndogo. Waliambiwa msihuzunike, na hapo hapo wakapewa cha kufanya, mkale kilichonona, mnywe kilicho kitamu, na yule ambaye hakuwekewa kitu mpelekeeni sehemu yake. Kwahiyo hata anayelia anaanza na sahani ya jirani

Shangazi: Ndo jogoo wa bibi huyo!! Baba mkubwa umenena

Shangazi: Na Paulo yule anayesema "Furahini katika Bwana siku zote" aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, tena Filipi hiyo hiyo ndo alikochapwa bakora yeye pamoja na Sila, wakafungwa miguu kwenye mkatale, usiku wa manane wakaimba. Mgongo unauma na wanaimba. Tetemeko lilikuja wakiwa wameshaanza kuimba, mlango ulikuwa bado umefungwa. Mi nikisoma Matendo 16 hapo kwa kweli nashindwa kukaa kimya

Kaka Dar: Dada unakumbuka mkesha wa mama? Ile saa kumi alfajiri watu wamechoka, moto umebaki majivu, ni wewe ulianza ule utenzi aliokuwa anaupenda, ukashika sauti ya pili kama yeye, machozi yanakutiririka, na uwanja mzima ukaamka. Baba alitabasamu pale mara ya kwanza tangu hospitali. Yani mi furaha ya kikristo nliiona usiku ule kuliko Krismasi zote

Dada Muscat: 😭😭 Nakumbuka. Nilikuwa sijui kama baba alitabasamu

Mama mdogo: Alitabasamu, nilikuwa nimekaa naye mkeka mmoja

Dada Muscat: Asanteni jamani. Mwenzangu wa chumba ni Mkenya, naye kafiwa na kaka yake wiki iliyopita hakuweza kwenda kuzika, anashinda amejifunika shuka. Ndizi huku zipo za dukani, sio mshare yetu ila zinapikika. Ngoja nimpikie leo hii

Baba mkubwa: Mpikie. Na usimhubirie, kaa naye ale

Mama mdogo: Saa 3 usiku tuwapigie kwa video, huko itakuwa saa 4, tuimbe wote hata beti mbili. Shangazi sauti ya kwanza. Baba atakuwepo nitampelekea simu mwenyewe

Kaka Dar: Mama mdogo nakuwekea bando sasa hivi, la mwezi uliopita lilikata katikati ya sala

Dada Muscat: Saa 4 nipo. Sauti ya pili nashika mimi, mtu asiichukue