Mrejesho: Shahada ya uzamili ya usalama wa mtandao ukiwa Tabora

Wakuu, niliuliza kama shahada hii inamfaa afisa TEHAMA aliye Tabora. Asanteni kwa ushauri, nimefuatilia na jibu ni ndiyo, ila karatasi peke yake haitoshi.

Ukichagua chuo cha nje kwa masomo ya mtandaoni, uliza TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kwanza kama wanakitambua, ndipo ulipe ada. CISSP, cheti cha kimataifa cha wataalamu wa usalama wa mtandao, inataka uzoefu wa miaka 5, na shahada inapunguza mwaka 1 tu. Kwa hiyo usiache kazi ukasome. Soma ukiwa kazini.

Maabara ya nyumbani, yaani mashine pepe (kompyuta za kuigiza ndani ya laputopu yako) za kufanyia mazoezi, ndiyo ya kuipa uzito. Laputopu iwe na RAM ya GB 16: Kali (Linux ya kupima usalama) ipe 4, Windows Server 4, pfSense (ngome ya mtandao, firewall) 1, zinazobaki ni za laputopu yenyewe. VirtualBox, programu ya kuendesha mashine pepe, ikigoma kuziwasha, mara nyingi virtualization imezimwa kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta). Mashine zenye udhaifu wa makusudi ziweke kwenye mtandao wa ndani, kamwe si bridged (kuunganishwa moja kwa moja na mtandao wa nyumbani), maana hapo unazianika kwa kila aliyeunganishwa na ruta yako. Faili la Kali ni la GB kadhaa, lipakue penye waifai.

Ajira? Benki na kampuni za simu zinajulikana. Ambayo wengi hawaiangalii ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022: taasisi inayokusanya taarifa za watu inatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuteua afisa wa ulinzi wa taarifa. Hospitali, shule binafsi, SACCOS na AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) za tumbaku huku kwetu zote zinatunza taarifa hizo.