Mrejesho: Amplifaya ya valvu iliyokuwa ikiunguza fyuzi

Wakuu, nilileta swali kuhusu kichwa cha amplifaya (sehemu isiyo na spika) cha wati 100 kinachounguza fyuzi kila nikipiga gitaa kama dakika 20. Aliyeniambia nizime taa za chumba nizitazame valvu (mirija ya kioo inayokuza sauti), shikamoo! Valvu moja ya nguvu, aina ya EL34, kati ya nne ilikuwa nyekundu kama kaa la moto. Na mimi nilishailaumu transfoma bure.

Fundi amekuta kapasita (kifaa kinachotunza chaji ya umeme) inayopeleka sauti kwenye valvu ile inavujisha umeme, bayasi (volti inayodhibiti umeme unaopita kwenye valvu) ikavurugika, valvu ikavuta umeme kupita kiasi na fyuzi ikaungua. Kabadilisha kapasita, kaweka EL34 nne zinazolingana, kapima bayasi upya. Mwenyewe sikuthubutu kufungua. Kapasita kubwa za humo huweza kubaki na mamia ya volti hata ukichomoa waya.

Sasa napiga saa mbili mfululizo, fyuzi ileile. Wanaolalamika ni majirani tu.