Lori jipya gia 12 halina klachi, nikikanyaga mafuta linawaza kwanza. Nisaidieni

KwataGia:
Wakuu habari zenu. Mwenzenu miaka yote nimeendesha malori ya gia za mkono, sasa wiki ya pili nimekabidhiwa kichwa kipya cha dizeli, pedeli ya klachi hakuna kabisa. Shida inaanza kwenye kuondoka. Niko makutano, naona nafasi, nakanyaga mafuta, lori limetulia tu kama halijanisikia, nazidi kukanyaga, ghafla linaruka mpaka tela linanisukuma mgongoni. Mlimani ndo balaa, katikati ya kupanda linashusha gia, linapoa, mpaka lije lishike tena spidi yote imeisha. Halafu linabadili gia injini ikiwa kwenye mizunguko 1400 kwa dakika wakati mimi nimezoea kuvuta hadi injini ilie. Gari bovu au mimi?

DizeliTupu:
Ni wewe 😂

MzeeWaTela:
Mkuu hiyo sio oto kama ya gari dogo. Ndani ni gia boksi ya kawaida na klachi yake imo, ila inakanyagwa na kompyuta badala ya mguu wako. Kila ikibadili gia lazima ikate nguvu kwanza, na turbo (feni ya kuisukumia injini hewa) nayo inasubiri moshi wa kuizungusha, ndo huo ukimya. Wewe ukishindilia hapo katikati lazima upigwe mgongo. Kanyaga robo, tulia, ikishashika ongeza. Na habari ya injini kulia achana nayo, dizeli kubwa za siku hizi nguvu ya kuvuta iko kama 1000 hadi 1400, juu ya hapo unachoma mafuta na kusikiliza kelele (ila kwenye mteremko kinyume chake, breki ya injini inataka mizunguko mingi). Mlimani usisubiri ikuamulie, weka M (hali ya kubadili gia mwenyewe), shusha gia mbili ukiwa bado na spidi.

KlachiImeungua:
Naongezea, usilishikilie lori mlimani kwa mafuta kidogo kidogo. Mimi nilifanya hivyo kwenye foleni, nikasikia harufu, dashibodi ikaandika klachi imepata moto, nikapaki pembeni kwa aibu. Shika breki, ukiachia ondoka moja kwa moja.

FunduPampu:
Msimlaumu dereva tu. Taa ya injini inawaka? AdBlue (maji ya kusafisha moshi wa dizeli) ipo? Ikiisha kompyuta inakata nguvu makusudi.

KwataGia:
Mrejesho. Taa hakuna, AdBlue iko nusu. Leo mlima ule ule nimeweka M nikatoka gia ya 11 hadi 9 kabla ya kuanza kupanda, lori limepanda linanguruma tu halijakata hata mara moja. Kuondoka nako naona nafuu. Kimebaki kurudi nyuma na tela, nataka sentimita kumi linanipa mita.

MzeeWaTela:
Angalia kwenye swichi ya gia, nyingi zina hali ya mwendo wa kobe, pedeli ya mafuta inapoteza makali.

DizeliTupu:
Mguu wa kushoto umeshakubali kwamba klachi haipo?

KwataGia:
Bado 😂 Jana mguu umeitafuta klachi ukakuta breki, chupa ya maji ikaenda mpaka kwenye kioo.