Mpunga unajisokota majani mchana: unakufa au unajihami?

Jaruba la Juu (Kahama): Wakuu, nisaidieni. Nina mpunga aina ya SARO 5 ekari mbili. Nilipandikiza miche ya siku 21, sasa ina siku 35 jarubani. Mvua imekata, leo siku ya 11. Asubuhi mpunga uko vizuri, ikifika saa sita majani yote yamejisokota kama sindano, jioni yanafunguka. Jirani anasema nimwage yuria "upate nguvu". Unakufa huu?

Msukuma Mpole: Huyo jirani ana duka la mbolea? 😂

Mama Majaruba: Yuria iweke stoo kwanza mwanangu, mpunga hauli mbolea kwenye udongo mkavu.

Haufi huo, unajibana. Upande wa juu wa jani kuna seli kubwa zimejipanga mstari. Zikipungukiwa maji zinanywea, jani linajikunja, jua linakosa pa kuchoma. Vinyweleo, vile vitundu vya jani vya kupumulia, navyo vinafungwa, maji yasitoke. Ila hewa ya ukaa nayo haiingii, kwa hiyo mmea haupiki chakula. Ukikaa hivyo wiki nzima, unadumaa.

Mimi huwa natoka saa kumi na mbili asubuhi kuangalia. Majani yakiwa wazi, usiku umefidia. Ukiyakuta bado yamejikunja, hapo tafuta maji hata kwa kukopa.

Halafu ng'oa shina moja uangalie mizizi. SARO ni ya mabondeni, imezoea miguu majini, mizizi haihangaiki kwenda chini. Na chini kwenyewe kuna tabaka gumu, tumelishindilia wenyewe na ng'ombe wetu. Mbegu za Nerica za nchi kavu ni habari nyingine: zina damu ya mpunga wa Afrika Magharibi na wa Asia, siku 90 hadi 100 unavuna. Zenyewe zinauwahi ukame.

Kama una maji ya bwawa, yabane. Bado wiki tatu hivi mpunga ubebe mimba, suke livimbe ndani ya shina. Ukame wa sasa unakula machipukizi. Wa kwenye mimba na kuchanua unakuachia mapepe. Mwaka juzi maji niliyamaliza mapema kwa woga. Masuke yakakwama nusu ndani ya ala ya jani, nikapepeta mpaka mikono ikauma, gunia likawa jepesi kama la pamba.

Jaruba la Juu (Kahama): Shikamoo mama. Nimeng'oa, mizizi haifiki hata shubiri. Alfajiri majani yalikuwa wazi kote, isipokuwa jaruba moja la juu lenye kichanga.

Mama Majaruba: Marahaba. Mwagilia hilo tu, mengine yaache yajisokote. Na ziba matundu ya panya kwenye kingo kabla hujawasha pampu.