Kuleta gari Dar es Salaam: waranti haipandi meli

Dada yetu wa Leicester, Uingereza, ameuliza kama gari lake, ambalo bado lina waranti ya mtengenezaji, litaendelea kuhudumiwa bure akirudi nalo nyumbani. Nimehangaika na jambo hilohilo kwa gari nililokuja nalo kutoka Uingereza, na ushauri wangu ni kwamba gari lenye kasoro lisipakiwe melini kwa matumaini ya kutengenezwa huku.

Tatizo la gari langu ni giaboksi ya otomatiki. Kwenye foleni ya Ubungo, kila gia ya pili inapoingia, gari linashtuka kama limegongwa kwa nyuma, na joto likizidi linakataa kabisa kwenda rivasi. Nilikwenda kwa wakala wa kampuni hiyohiyo hapa mjini waranti ikiwa bado hai. Kijana wa mapokezi aliingiza namba ya chesisi kwenye kompyuta, gari likaonekana pale pamoja na tarehe ya kuuzwa na sevisi zake zote, kisha akaniambia kwa upole kwamba hawawezi kuligusa bila malipo kwa sababu hawakuliuza wao. Nilipoandika makao makuu, nilijibiwa nilipeleke kwenye karakana yao iliyoidhinishwa nchini Uingereza. Simlaumu kijana yule, kwani wakala hurudishiwa na mtengenezaji gharama za kazi ya waranti, na bila idhini ya mtengenezaji gharama ingebaki kwake. Wa kulaumiwa ni kampuni inayotangaza jina lake dunia nzima, lakini inapofika zamu ya kuwajibika inahesabu mipaka ya nchi.

Kwa hiyo, dada, nguvu zako zitumie ukiwa bado huko, na uanze na aliyekuuzia. Sheria ya Haki za Walaji ya Uingereza ya mwaka 2015 inambana muuzaji, si kiwanda: ndani ya siku 30 mnunuzi anaweza kurudisha gari bovu na kudai fedha zake, na kasoro ikijitokeza ndani ya miezi sita, huchukuliwa kwamba ilikuwapo tangu siku ya kukabidhiwa, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Walioko Marekani wana sheria ya waranti ya mwaka 1975 pamoja na sheria za majimbo kuhusu magari yasiyotengenezeka. Hapa kwetu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko, ila utamfikishaje mbele yake muuzaji aliyeko Leicester?

Jambo jingine, ambalo kwangu ni zito kuliko giaboksi, ni magari yanayoitwa na watengenezaji yarudi karakana kurekebishwa kwa sababu za usalama. Matengenezo hayo hayategemei waranti, na Uingereza unaweza kuangalia kwa namba ya usajili kama gari lako limeitwa. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, ile inayofumuka kumkinga dereva gari likigonga, iliwekwa kwenye mamilioni ya magari ya Toyota, Honda, Nissan, Mazda na mengineyo. Kemikali inayoifumua, amonia naitreti, huharibika kadiri inavyokaa miaka mingi kwenye joto na unyevu, na mfuko unapofumuka kikasha cha chuma chenye kemikali hiyo hupasuka na vipande kumrukia dereva. Marekani peke yake wamekufa watu zaidi ya 20, na Takata yenyewe ilifilisika mwaka 2017. Sasa fikirieni gari la namna hiyo likishinda juani Kariakoo mwaka hadi mwaka, katika mji wenye joto na unyevu kama huu wetu! Ndugu wanaoagiza magari yaliyotumika kutoka Japani nawaomba sana waingize namba ya chesisi kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla ya kulipa.

Fundi wangu wa Ilala amepunguza mshtuko kwa kubadilisha oili ya giaboksi, lakini spea inayotakiwa haipatikani kwenye maduka ya spea ya Gerezani, na kuiagiza ni fedha nyingi. Dada, karakana ya huko ikikuambia kwamba haijaona tatizo, usiondoke mikono mitupu. Waandike malalamiko yako kama ulivyoyaeleza, maili ambazo gari limetembea hadi siku hiyo na matokeo ya kipimo cha kompyuta, wagonge mhuri, nawe ubaki na nakala, kwa maana tatizo lililoandikwa waranti ikiwa hai ni vigumu kwao kulikana baadaye.